Bibhutibhushan na Njia Iliyokatwa Katikati

Mwaka 1937 kulitoka mjini Kolkata kitabu cha vijana kiitwacho Chander Pahar, yaani Mlima wa Mwezi. Shujaa wake ni Shankar, kijana wa miaka ishirini kutoka kijiji kimoja cha Bengal. Amemaliza masomo na anangojewa na kazi ya ukarani katika kiwanda cha magunia ya juti. Kazi hiyo inamtia hofu. Usiku anasoma jiografia, anatazama nyota, anaota milima ya mbali. Kisha jirani wanapata habari za mkwe wao aliyetorokea Afrika Mashariki. Barua inaandikwa, jibu linakuja, na mwaka 1909 Shankar anashuka Mombasa kufanya kazi katika Reli ya Uganda.

Kambini simba wanawanyakua wafanyakazi, leo huyu, kesho yule. Baadaye Shankar anapewa usimamizi wa stesheni ndogo katikati ya nyika, si mbali na Kisumu, mahali ambapo hata maji ya kunywa huletwa na treni. Usiku simba huzunguka jengo. Usiku mwingine anaamka na kumkuta koboko ameinua kichwa ndani ya chumba chake, naye anabaki ameushika mwanga wa tochi bila kuthubutu kutikisika. Siku moja anamkuta mzee Mreno, Diego Alvarez, akiwa hoi chini ya mti. Anamuuguza, na kwa malipo anapata hadithi ya almasi. Wawili hao wanavuka Ziwa Nyanza hadi Mwanza, wanapita Tabora na Ujiji, na kushika njia ya kusini.

Kwa karibu miaka tisini watoto wa Kibengali wamekua na kitabu hiki mkononi. Wako wengi waliolijua jina la Kisumu na la Tabora kabla ya kuyajua majina ya miji ya jimbo la jirani. Aliyewapa majina hayo, Bibhutibhushan Bandyopadhyay, hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa kutembea kwa miguu, mpenzi wa mimea ya mwituni, na ulimwengu wa nje ya Bengal unamjua kwa kitabu kingine kabisa: Pather Panchali, riwaya iliyomzaa Satyajit Ray kama mtengenezaji filamu. Lakini unamjua nusu nusu. Tafsiri iliyompeleka mbali ilimkata, na kukatwa huko kulimbadilisha mbele ya macho ya wageni. Ndiyo sababu maisha yake na historia ya tafsiri zake inafaa visimuliwe pamoja.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1894, nyumbani kwa wajomba zake, kijiji cha Muratipur, wilaya ya Nadia. Kwao hasa kulikuwa Barakpur, kijiji cha karibu na Gopalnagar, upande wa Bangaon, ambako mto Ichhamati unapita polepole kati ya mianzi na mashamba. Baba yake, Mahananda, alikuwa msomi wa Kisanskriti na msimulizi wa visa vya dini kwa kazi: mtu aliyealikwa huku na kule kukaa mbele ya hadhara na kusimulia habari za miungu na mashujaa wa kale, kwa kuimba na kwa kusema. Kazi hiyo ilimpa heshima, ikamnyima fedha. Alikuwa akiondoka nyumbani muda mrefu, na walioachwa walikuwa wakingoja. Mtoto wa kwanza kati ya watano alijifunza mapema mambo mawili ambayo hayakumtoka tena: kwamba simulizi lina nguvu ya kuwashika watu wazima wasinyanyuke, na kwamba nyumbani kwa msimulizi chakula kinaweza kukosekana.

Baba alifariki mapema. Bibhutibhushan alisoma Bangaon, kisha Chuo cha Ripon, Kolkata, ambacho leo kinaitwa Surendranath. Mwaka 1917 alimwoa Gauri; mwaka uliofuata alihitimu shahada ya kwanza, na Gauri akaugua na kufariki. Hakuoa tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Masomo ya juu aliyaacha, akashika chaki.

Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la Prabasi mwaka 1922, na namna ilivyopatikana inasimuliwa hivi. Alikuwa akifundisha Harinavi, kusini mwa Kolkata. Kijana mmoja wa pale, aliyekuwa na hamu ya mambo ya uandishi, alimwomba waandike kitabu pamoja, naye akamcheka. Kijana hakukata tamaa. Alibandika matangazo mjini kwamba riwaya ya Bibhutibhushan iko njiani. Walimu wenzake wakaanza kumpongeza na kumuuliza itatoka lini. Kwa aibu ya kutokuwa na hata ukurasa mmoja, mwalimu aliketi akaandika hadithi fupi, akaipeleka kwa wahariri akiamini itarudishwa. Haikurudishwa.

Mshahara wa ualimu haukumtosha. Akawa mhubiri wa kusafiri wa chama cha kulinda ng'ombe, kazi iliyomtembeza mashariki ya Bengal hadi Arakan, kisha akaajiriwa na familia ya Khelat Ghosh, matajiri wa Kolkata. Familia hiyo ilikuwa na ardhi kubwa ya msitu upande wa Bhagalpur, katika jimbo la Bihar. Wakampeleka huko akawe meneja wao. Kwa mtu mwingine ingekuwa adhabu: hakuna mji, hakuna vitabu, hakuna wa kuongea naye lugha yake. Kwake yeye miaka hiyo ilizaa karibu kila kitu.

Alianza Pather Panchali huko Bhagalpur mwaka 1925 na kuimaliza mwaka 1928. Jina lake ni gumu kulihamisha. Ni wimbo mrefu wa masimulizi, wa aina ile ya baba yake, uliofanywa kuwa wimbo wa njia. Inasimuliwa kwamba mswada wa kwanza haukuwa na Durga. Alikuwa ameshaandika mamia ya kurasa za utoto wa Apu, mvulana wa kijiji cha Nishchindipur, pale alipomwona njiani msichana wa kijijini, nywele zimetimka, macho yamejaa kitu asichoweza kukitaja. Alihisi kwamba bila msichana wa namna ile kitabu chake ni pungufu, akarudi mwanzo na kukiandika upya, safari hii Apu akiwa na dada.

Ni vigumu leo kukifikiria kitabu hicho bila yeye. Durga huiba maembe mabichi na kumpelekea mdogo wake. Hupigwa kwa ajili ya shanga za watu. Humpeleka Apu kila mahali, na siku moja, wakimtafuta ndama aliyepotea, wawili hao wanajaribu kuifikia reli ambayo hawajawahi kuiona. Wanapotea kwenye majimaji na kurudi nyumbani bila kuona kitu. Baadaye Durga anashikwa na homa wakati baba yuko safarini. Katika ugonjwa wake anamwuliza Apu kama siku moja atampeleka kuiona treni. Anakufa bila kuiona. Apu anaiona treni yake ya kwanza siku familia inapohama, na kupitia dirishani anaitazama ishara ya stesheni ikipungua huku akijua kwamba wanamwacha mtu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi duniani wanaamini kinyume chake. Katika filamu ya Ray, ndugu hao wanakimbia pamoja katika uwanda wa nyasi ndefu zenye maua meupe, na treni inapita na moshi wake mweusi. Ni moja ya picha mashuhuri katika historia ya sinema. Katika riwaya haipo. Riwaya ni kali zaidi: treni ni ahadi isiyotimizwa, na aliyeshindwa kuitimiza anaishi nayo maisha yake yote.

Rafiki aliyemshikilia wakati huo alikuwa Nirad C. Chaudhuri, aliyesoma naye Ripon na kukaa naye katika nyumba moja ya wapangaji mtaa wa Mirzapur, Kolkata. Chaudhuri, ambaye baadaye angepata jina kubwa kwa maandishi yake ya Kiingereza, alikuwa mkali kwa karibu kila mtu aliyeandika Kibengali, lakini aliliona lililomo ndani ya mwalimu huyu maskini, akamhimiza. Upendranath Gangopadhyay, mhariri wa jarida jipya la Bichitra, aliukubali mswada, na riwaya ikatoka kwa mfululizo mwaka 1928 na 1929. Sajanikanta Das, mchapishaji na mhakiki ambaye ulimi wake uliogopwa mjini kote, akaitoa kama kitabu mwaka huohuo wa 1929. Wasomaji waliokuwa wakiumia na umaskini wao wenyewe walijiona humo bila kuonewa huruma ya kuwadunisha, na mwandishi akawa mashuhuri akiwa na miaka 35. Mwendelezo wake, Aparajito, ulitoka mwaka 1932: Apu mwanafunzi, Apu mume, Apu mjane anayemkimbia mtoto wake na kisha kumrudia.

Msitu wa Bhagalpur nao ulidai haki yake. Aranyak, kitabu cha mwaka 1939, ni masimulizi ya Satyacharan, kijana wa Kolkata anayetumwa kusimamia ardhi ya msitu na kuigawa kwa wapangaji. Taratibu anaupenda msitu, na kila siku kazi yake ni kuumaliza. Humo yumo Jugalprasad, mtu anayetembea maili nyingi kupanda maua ya mwituni mahali ambapo hakuna atakayemlipa wala kumshukuru. Yumo Dobru Panna, mzee wa Kisantali ambaye ukoo wake ulitawala milima hiyo na ambaye sasa anachunga mifugo. Yumo kitukuu chake Bhanumati. Satyacharan anamwuliza binti huyo kama amewahi kusikia jina la nchi ya Bharat, naye hajui iko upande gani. Mwandishi anaiacha hali hiyo hapo, na ukurasa mzima unageuka: ni nani hasa mgeni katika nchi hiyo? Kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote. Kiliandikwa wakati hakuna aliyezungumzia hifadhi ya mazingira, na hakikuhitaji neno hilo. Mtu aliyeshiriki kuufyeka msitu alikaa chini akauandika, mti kwa mti, pamoja na watu waliouita nyumbani.

Katikati ya vitabu hivyo viwili vizito ndipo Chander Pahar ilipoandikwa, kwanza kwa sehemu katika jarida la watoto la Mouchak. Katika dibaji yake Bibhutibhushan aliweka wazi kwamba haikuwa tafsiri wala nakala ya riwaya yoyote ya Kiingereza, na kwamba kwa habari za nchi na maumbile alitegemea wasafiri kama Sir Harry Johnston na Rosita Forbes. Kila anayeijua historia ya reli yetu atatambua chanzo kingine kilichosambaa kotekote katika himaya ya Waingereza: habari za simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa daraja mwaka 1898, alizozisimulia mhandisi J. H. Patterson katika kitabu chake cha mwaka 1907.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu ya leo, mwishoni mwa 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa, na chini ya 7,000 ndio waliobaki baada ya mikataba yao kwisha. Wabengali hawakuwa sehemu kubwa ya msafara huo. Shankar kwa hiyo anafika akiwa amechelewa miaka minane baada ya reli kufika Kisumu, na anakutana na simba ambao walikuwa wamekwisha kuuawa na Patterson zaidi ya miaka kumi nyuma. Mwandishi alichukua vitu viwili vya nyakati mbili akaviunganisha, kwa kuwa alihitaji hofu ya Tsavo na upweke wa stesheni ndogo katika maisha ya kijana mmoja.

Kuna makosa mengine. Milima ya Richtersveld, ambako Shankar na Alvarez wanatafuta almasi, iko kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini na ni kavu. Kitabuni imefunikwa na msitu mzito wa mvua. Dubwana linalolinda pango linaitwa Bunyip, jina la kiumbe wa masimulizi ya wenyeji wa Australia. Wala Milima ya Mwezi ya jina la kitabu si Rwenzori tunayoijua sisi.

Makosa ya ramani hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba Waafrika wa kitabu hiki wako pembeni. Wanapita kama wapagazi, kama wapiganaji wenye mikuki, kama sauti za ngoma gizani. Mwandishi aliyempa Bhanumati sura, jina, ukoo na swali lisilojibika hakuwa na njia ya kumpa Mkamba au Mjaluo hata nusu ya hayo, kwa sababu alimwona kupitia macho ya wasafiri wa Kizungu tu. Bihar aliijua kwa miguu yake. Afrika aliijua kwa maktaba, na maktaba ile ilikuwa ya watawala. Hata mtu awe mpole kiasi gani, atawaona watu kwa kadiri ya waliomsimulia.

Na hata hivyo kitabu kinanigusa, na nimejiuliza sababu. Nadhani ni reli. Mwaka 1929 mtu huyu aliandika watoto wawili waliopotea kwenye majimaji wakiitafuta treni. Miaka michache baadaye alimchukua kijana wa kijiji kilekile, au kijiji ndugu, akamweka ndani ya treni yenyewe, akampa stesheni nzima aisimamie peke yake, mwisho wa dunia. Shankar ni Apu aliyefika. Ndiyo maana kurasa za stesheni, pamoja na ukimya wa nyika na mwanga wa taa kwenye reli tupu, zina ukweli ambao kurasa za almasi hazina.

Mwaka 1940 alimwoa Rama, na mwaka 1947 wakapata mtoto wa kiume, Taradas, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi. Mwaka huohuo wa 1940 kilitoka kitabu chake kuhusu mpishi wa hoteli ya stesheni mwenye ndoto ya kuwa na hoteli yake. Njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu wapatao milioni tatu, aliiandika katika Ashani Sanket: kijiji kinachokaa mbali na vita na kinachoona mchele ukitoweka sokoni bila kuelewa nani kauchukua. Riwaya yake ya mwisho kubwa, Ichhamati, aliirudisha kwenye mto wa kwao, enzi za mashamba ya nili. Alifariki tarehe 1 Novemba 1950 huko Ghatsila, katika nyumba aliyoipa jina la Gauri, mke wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 56. Tuzo ya Rabindra ilimfikia mwaka uliofuata, yeye akiwa hayupo.

Wakati anakufa, hakuwa mtu nje ya lugha yake. Hilo halikuwa la ajabu. Fasihi ya Kibengali ilikuwa imeanza kutafsiriwa kwa Kiingereza zamani; mwaka 1884 Miriam Knight alitoa London riwaya ya Bankim Chandra Chatterjee kwa jina la The Poison Tree. Kisha akaja Rabindranath Tagore. Gitanjali yake ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1912, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, wa kwanza kutoka Asia. Tagore alijifasiri mwenyewe, na alipojifasiri alipunguza: vina viliondoka, mizani iliondoka, ucheshi uliondoka, ikabaki sauti moja ya sala. Ulaya ilimpenda kwa sauti hiyo, kisha ikaichoka, na kwa miongo kadhaa msomaji wa Kizungu aliamini kwamba Wabengali huandika namna hiyo tu. Bibhutibhushan alihitaji mlango mwingine.

Mlango ulifunguliwa na mchoraji. Mwaka 1944 kampuni ya Signet Press ya Kolkata ilitayarisha toleo fupi la Pather Panchali kwa ajili ya watoto, na kazi ya michoro ikapewa kijana wa kampuni ya matangazo, Satyajit Ray. Alipokuwa akichora, aliona filamu. Baada ya kifo cha mwandishi alimwendea Rama, mjane, ambaye alimruhusu. Upigaji picha ulianza mwaka 1952, ukasimama mara nyingi kwa kukosa fedha. Ray aliuza vitabu vyake na santuri zake, na vito vya mkewe viliwekwa rehani. Hatimaye serikali ya Bengal Magharibi ililipa, na inajulikana kwamba fedha zilitoka fungu la barabara, kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia. Ilionyeshwa New York mwezi Mei 1955, ikafunguliwa Kolkata mwezi Agosti, na mwaka 1956 ikapata tuzo mjini Cannes.

Ray alikata alichotaka kukata, na hilo lilikuwa haki yake kama msanii wa chombo kingine. Riwaya ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya bibi kizee Indir Thakrun. Ya pili ni utoto wa Apu na Durga. Ya tatu inaifuata familia hadi Kashi, ambako baba anafariki na mama, Sarbajaya, anakuwa mpishi katika nyumba ya matajiri. Filamu inaishia familia inapoondoka kijijini. Yaliyobaki Ray aliyahamishia filamu ya pili. Kijisanduku cha dhahabu ambacho Durga alikiiba, na ambacho Apu anakitupa kwenye kichaka cha mianzi ili siri ya dada yake isijulikane kamwe, kikawa mkufu unaozama bwawani. Mtazamaji anajua kwamba anaangalia filamu ya Ray.

Msomaji wa tafsiri yuko katika hali tofauti. Ameambiwa kwamba hiki ndicho kitabu. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1968, katika mkusanyo wa UNESCO wa vitabu wakilishi vya dunia, kazi ya T. W. Clark, aliyekuwa profesa wa Kibengali Chuo Kikuu cha London, pamoja na Tarapada Mukherji. Walikuwa wajuzi wa kweli, na walifanya kazi kwa subira. Vyakula, michezo, mimea na maneno ya ugomvi wa akina mama wa kijiji vyote walivibeba kwa uangalifu. Lakini sehemu ya tatu waliiacha. Kwao hadithi ilifika mwisho wake wa kawaida familia inapokiacha kijiji, na nyuma yao ilikuwepo filamu iliyokwisha kuizoeza dunia mwisho huo. Mwaka 1969 France Bhattacharya alitoa tafsiri ya Kifaransa kwa wachapishaji Gallimard, na jina la Bibhutibhushan likaanza kuingia katika masomo ya fasihi ya vyuo vya mbali.

Siwezi kukubaliana na uamuzi wa akina Clark, pamoja na heshima yote ninayowapa. Sehemu ya tatu si mkia. Ndani ya nyumba ile ya matajiri Apu anajifunza kwamba mama yake ni mtumishi. Anachapwa bila kosa la maana. Anakutana na Leela, binti wa nyumba hiyo, anayemtendea kama mwenzake. Anaomba kwa moyo wote arudishwe Nishchindipur. Na hapo, katika kurasa za mwisho, mungu wa njia anamjibu mtoto huyo, na jibu si lile aliloliomba: njia haikuishia kijijini kwake, inaendelea kupita mito, vita, vizazi na nyota. Kitabu kizima kinaelekea kwenye jibu hilo. Ukiliondoa, kinachobaki ni kumbukumbu tamu ya kijiji kilichopotea, na mwandishi anaonekana kuwa mtu wa huzuni ya nyumbani, mpole, wa kale kidogo. Ukilirudisha, unamwona mtu mkali zaidi, anayesema kwamba kuondolewa ni sharti la kuishi. Msomaji wa Kiingereza alipewa yule wa kwanza.

Hasara hiyo ilidumu. Aparajito ilingoja hadi mwaka 1999 kupata Kiingereza cha Gopa Majumdar, miaka 67 baada ya kutoka. Msomaji aliyekuwa na toleo la 1968 alipofungua kitabu hicho alimkuta Leela akiwa mtu mzito katika maisha ya Apu, bila kuwahi kuonyeshwa walivyokutana. Aranyak ilitafsiriwa na Rimli Bhattacharya na kutolewa na Seagull Books, Kolkata, mwaka 2002, miaka 63 baada ya ile ya asili. Ni muhimu kwamba wafasiri hawa wawili walikuwa Wahindi na kwamba wachapishaji walikuwa Wahindi. Katika miongo hiyo kazi ya kutafsiri Kibengali ilihama kutoka idara za vyuo vya London kwenda kwa watu wanaoishi na lugha hiyo, wanaoifahamu harufu ya msimu wa mvua unaotajwa, na ambao hawakuhitaji filamu iwaambie hadithi inaishia wapi.

Chander Pahar nayo imetafsiriwa kwa Kiingereza, na mwaka 2013 Kamaleshwar Mukherjee akaifanya filamu kubwa ya Kibengali, mwigizaji Dev akiwa Shankar. Picha zake za Afrika zilipigwa Afrika Kusini. Kwa hiyo hata leo stesheni ya Shankar haijafika Kisumu. Ningependa kukisoma kitabu hiki kwa Kiswahili kilichotoka moja kwa moja katika Kibengali, kwa mkono wa mtu anayejua jinsi jua linavyozama upande wa Nyanza na anayejua kwamba wapagazi wale walikuwa na majina. Hatakuwa na ruhusa ya kuwaandikia yale ambayo Bibhutibhushan hakuyaandika. Mfasiri haongezi wala hapunguzi. Lakini anaweza kuandika utangulizi. Humo ataweka mwaka halisi wa simba wa Tsavo, idadi ya waliozikwa kando ya reli, ramani sahihi ya Richtersveld, na habari za mwalimu wa Barakpur aliyeyasoma yote haya chini ya taa ya mafuta, akawapa watoto wa kwao treni ambayo Durga hakuiona.